Uzito Usiopimwa kwa Mzani

Nyumbani kwa fundi cherehani, siku haikuanza na chai. Ilianza na madumu. Mapacha waliamshwa, wakapewa dumu kila mmoja, wakateremka bondeni kwenye bomba. Huko walipanga foleni. Kisha walipanda tena mlima, maji yakiwamwagikia miguuni. Walipofika shuleni, kipindi cha kwanza kilikuwa kimewapita.

Mama yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, naye aliteremka na ndoo yake. Alikuwa na mdomo mwepesi na mgongo mzito. Mdomo alizaliwa nao. Mgongo alipewa na ndoo.

Kata yao ilikuwa na sehemu mbili. Bondeni palikuwa na nyumba chache, karibu zote zikiwa na maji ndani. Mlimani nyumba zilikuwa nyingi, zimebanana kama meno, na bomba hakuna; wachache tu walikuwa na visima vyao nyumbani. Idara ya maji ilikuwa imesema neno moja tu: itavuta bomba hadi mlimani ikiwa zaidi ya nusu ya kaya za kata nzima hazina maji nyumbani. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja.

Mama Pacha alikuwa katibu wa kamati ya maji. Yeye ndiye aliyesomeshwa kutumia programu ya takwimu kwenye kompyuta ya kamati. Kwa hiyo kazi ya kutafuta jibu ilimwangukia yeye.

Wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali. Hawakuuliza kila mtu. Walichagua kaya kwa kura: arobaini bondeni na arobaini mlimani. Nyumba ya fundi waliiruka.

"Hawakutuuliza," fundi alinung'unika. "Kwani sisi si watu?"

"Labda wamesikia bei zako, wakakimbia," mkewe alimjibu.

Majibu yalipoletwa, Mama Pacha aliiweka kompyuta juu ya meza ya kukatia nguo, katikati ya mkasi na chaki. Akafungua faili. Aliona safu nne: namba ya kaya, sehemu, maji, uzito. Akaangua kicheko.

"Baba Pacha, njoo uone vituko! Wamewapima watu uzito! Bondeni kila mtu kilo kumi. Kilo kumi! Hao wanakula hewa? Na huku mlimani sote kilo hamsini, hakuna aliyezidi."

Fundi alikuwa mtu wa mwili. Alivuta tumbo ndani, likagoma. "Hamsini? Basi mimi wangeniandika nusu."

"Nusu? Wewe kiti kikikuona tu kinaomba talaka."

Wakacheka mpaka cherehani ikasimama. Kisha Mama Pacha akaifuta ile safu ya uzito. Maji na kilo, wapi na wapi?

Akaiagiza programu ihesabu kaya zisizo na maji. Bondeni zilikuwa nne. Mlimani zilikuwa thelathini. Jumla thelathini na nne kati ya themanini. Programu ikaandika: asilimia arobaini na mbili na nusu.

Kicheko kikakauka. Akarudia. Programu ikaandika vilevile.

"Chini ya nusu," alisema.

"Maana yake?" fundi aliuliza.

"Maana yake bomba haliji."

Nje, mapacha walikuwa wanagombana ni zamu ya nani kubeba dumu lenye mpini uliovunjika.

Jioni Mama Pacha alimpelekea mwenyekiti wa kamati ile namba. Mwenyekiti aliishi bondeni na bomba lake jikoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajabeba ndoo miaka mingi. "Pole, katibu," alisema. "Lakini namba ni namba. Tutaipitisha kikaoni Jumamosi, kisha tuipeleke idarani."

Kesho yake alikuja wifi yake Mama Pacha, yaani dada yake fundi. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya takwimu, na alikuja kupimwa gauni. Mawifi hawa walipendana kwa kutaniana. Siku ambayo hawakutaniana, watu waliuliza nani mgonjwa. Sasa wifi mtu aliinama mbele ya kompyuta, akaangalia, akakunja uso.

"Wifi, uzito umeupeleka wapi?"

Mama Pacha akashika kiuno. "Umeanza! Nimezaa mapacha mimi. Ulitaka uzito uende wapi?"

"Sikusemi wewe. Nasema uzito kwenye faili."

"Zile kilo? Nimezifuta."

Wifi akakaa taratibu, kama mtu aliyeambiwa nyumba inaungua lakini si yake. "Umezifuta. Faili la mwanzo bado unalo?"

"Lipo kwenye flashi."

"Basi umepona. Kamwe usifanye kazi juu ya faili la mwanzo. Tengeneza nakala, ucheze na nakala. Kaka, niazime sampuli mbili za vitambaa."

Fundi alikuwa na vipande vidogo alivyowaonyesha wateja. Alimpa cheusi na cha bluu.

"Vinalingana?" wifi aliuliza.

"Vinalingana. Nimevikata mwenyewe."

"Mtu akiviangalia hivi viwili tu, si atasema kitambaa chako ni nusu cheusi, nusu bluu?"

"Atakuwa hajui kitu," fundi alisema, akaonyesha rafuni. "Cheusi ninalo jora zima, mita hamsini. Bluu zimebaki mita kumi."

"Kwa hiyo kipande hiki cheusi kinasimama kwa mita ngapi?"

"Hamsini."

"Na cha bluu?"

"Kumi."

Wifi akamgeukia Mama Pacha. "Kamati yenu inasema mlimani kuna kaya ngapi?"

"Elfu mbili. Bondeni mia nne."

"Na kila upande waliulizwa arobaini. Gawa."

Mama Pacha akagawa kwa chaki juu ya meza. Elfu mbili kwa arobaini ni hamsini. Mia nne kwa arobaini ni kumi.

"Kumbe si kilo."

"Si kilo. Uzito ni idadi ya kaya ambazo kaya moja iliyoulizwa inazisimamia, pamoja na yenyewe. Ya mlimani imebeba hamsini. Ya bondeni imebeba kumi. Ulipofuta uzito, ukawafanya wote sawa. Bondeni wakajaa nusu ya kata, na wao ni wachache."

"Sasa kwa nini hawakuuliza watu wengi zaidi huku kwetu?"

"Walitaka kuziona sehemu zote mbili vizuri. Wangefuata wingi, bondeni wangepata kaya chache mno. Huwezi kusema la maana kwa kaya chache. Si kosa. Kosa ni kusahau uzito wakati wa kujumlisha."

Fundi alikuwa bado anafikiri. "Kwa hiyo na sisi tulikuwemo?"

"Mlikuwemo, kaka. Kuna jirani amewabeba."

Fundi akaonekana kuridhika.

Mama Pacha akalinakili faili la mwanzo, akafungua nakala. Safu ya uzito ikarudi. Wifi hakugusa kompyuta. Alielekeza kwa kidole tu.

"Iambie programu safu ya uzito ni ipi. Hivyo. Sasa iambie kaya zilichaguliwa kwa sehemu mbili, kila sehemu kivyake. Usipoiambia haijui. Programu haina akili, ina utii."

"Tofauti na kaka yako," Mama Pacha alisema. "Yeye hana vyote viwili."

"Nipo hapa hapa," fundi alisema.

Namba ikatokea: asilimia sitini na nne. Mama Pacha akapiga kigelegele.

"Subiri," wifi alisema. "Soma na mstari wa chini."

Mstari wa chini ulionyesha namba mbili: hamsini na tatu, na sabini na sita.

"Hii nini tena? Haijui yenyewe?"

"Hamkuuliza kaya zote. Mngechagua kaya nyingine, namba ingesogea kidogo. Programu inakadiria inaweza kusogea wapi. Makadirio bora ni sitini na nne, lakini ukweli yaelekea uko kati ya hamsini na tatu na sabini na sita. Ukiificha hiyo, umedanganya nusu."

Mama Pacha akaisoma ile namba ndogo tena. "Hata ikishuka mpaka hapa, bado imepita nusu."

"Ndiyo. Na hilo ndilo la kusema kikaoni."

Kikaoni mwenyekiti alivua miwani. "Katibu, juzi arobaini na mbili na nusu. Leo sitini na nne. Kesho utaleta mia? Tukipeleka namba ya kupika, hawatatusikiliza tena."

"La juzi lilikuwa kosa langu," Mama Pacha alisema. "Nilidhani uzito ni kilo."

Watu wakacheka. Akawaacha wacheke, maana alijua angecheka pia. Kisha akaweka mezani sampuli mbili, cheusi na cha bluu, na pembeni yake jora nene na jora jembamba.

"Mwenyekiti, ukitaka kujua rafu ya fundi ina rangi gani zaidi, utahesabu vipande au utauliza kila kipande kimetoka jora gani?"

Mwenyekiti alishika kipande cheusi. Akalishika jora lake, akalipima kwa mkono.

"Mimi na bomba langu la jikoni ni kipande cha bluu," alisema. "Nilikuwa najihesabu kama jora nene."

Akatia saini. Waliandika namba zote tatu na namna zilivyopatikana.

Idara iliikagua kazi, ikauliza maswali, ikakubali. Mitaro ilichimbwa. Bomba likafika mlimani. Mapacha wakaanza kufika shuleni mapema, wakagundua kwamba kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu, na furaha yao ikapungua kidogo.

Baadaye wadodosaji walirudi kuuliza kama maji yanatoka kila siku. Kura iliiruka tena nyumba ya fundi. Ilimwangukia jirani wa ukutani. Safari hii fundi hakununa. Alitoka na futi ya kupimia shingoni, akaegemea ukuta.

"Jirani! Jibu ukweli! Usiseme yanatoka kama hayatoki. Hapo ulipo umebeba kaya hamsini!"

"Nimesikia," jirani alijibu. "Wengine nitawabeba. Wewe, fundi, utateremka utembee."