Hayo ni ya Darasani

Ndugu zangu wa Kariakoo, habari hii naisimulia kwa hasira, na sitaomba radhi.

Mwaka ule wa msako wa wazururaji, Klara na Filbert walikuwa wamepanga chumba Mtaa wa Sikukuu. Jioni moja tulivu Klara alikuwa akiloweka mchele wa vitumbua vya kesho, na Filbert akisoma kwa sauti masomo yake ya falsafa ya sheria, kozi aliyoianza chuoni. Alisomea mwanga wa kibatari, na mafuta yake Klara aliyapangia foleni tangu alfajiri.

"Sheria isiyo na haki si sheria," Filbert alisoma. "Leo nimelisema hilo darasani, mwalimu akanipongeza mbele ya wote."

Klara alijiona ameolewa na msomi. Mahari yake ilipokelewa kwao Songea, wazee wakashuhudia. Cheti cha ndoa tu ndicho Filbert alichokipiga danadana miaka sita. "Karatasi tu hiyo," alizoea kusema.

Kesho yake mgambo walimkamata Klara sokoni na beseni lake la vitumbua, hana kitambulisho cha kazi, wakampeleka kituoni. Hakuhangaika sana. Mwenye mume aliachiwa, mradi mume aje aseme huyu ni mke wangu, aweke sahihi. Akaagiza Filbert aitwe. Nje lori lilikuwa likijazwa watu wa kupelekwa mashambani.

Filbert alifika, madaftari kwapani.

"Ndugu, huyu ni mkeo?" karani aliuliza, akamsogezea kitabu cha wadhamini.

Filbert alikitazama kile kitabu. Jina lake likiingia humo, ofisini kwake wangesikia kuwa mkewe kakamatwa kwa uzururaji, na ofisi hiyo ndiyo iliyompeleka chuo.

"Kisheria," alisema, "hatuna ndoa."

Kisheria! Jamani, mwanamume mzima na ndevu zake!

Hasira ilimsimamisha Klara. "Filbert, jana ulinisomea nini?"

"Hayo ni ya darasani, Klara."

"Haya. Darasa likupikie, na foleni ya mafuta likakupangie."

Alipanda lori bila kusukumwa. Beseni alimwachia miguuni, vitumbua vimeshapoa.

Mtihani Filbert alifaulu. Alirudi na matokeo yake, hakuna wa kumsomea, na kibatari kimekauka. Alimfuata Klara shambani mara mbili. Mara zote mbili Klara alikataa kutoka kumwona.

FUNZO

Wewe uliyesoma maana ya haki, iseme siku ambayo kuisema kunakuponza. Ukiiacha darasani, umesoma bure, na aliyekuwashia taa ndiye atakayeumia. Na cheti cha mkeo kakitafute leo, usingoje lori.