Kifua cha Wekulo

Kila asubuhi, kabla majirani wa mtaa wa Soweto West hawajaamka, Celine alitoa ndoo ya usiku akaenda kuimwaga. Jumamosi hiyo alifika mlangoni akasimama. Mkojo wa mumewe ulikuwa mweusi kama chai ya rangi.

Aligeuka. Nicanor alikuwa anavaa shati, lakini mikono ilikataa kupanda.

"Baba Akoth, umeona hii?"

"Ni uchafu unatoka. Kocha Wekulo alituambia. Ukiona hivyo, mwili umekubali."

"Na maji? Tangu jana sijakuona ukinywa."

"Maji yanalegeza misuli. Celine, niache. Jumatano jeshi linaandika watu, na wanapima kifua. Leo Wekulo anatudunga sindano ya misuli. Basi."

Akatoka, anatembea kama mtu mwenye jipu pajani.

Wekulo alikuwa na uwanja wa mazoezi kule Kawangware. Vyuma vyake vilikuwa mabomba yenye makopo ya saruji ncha zote mbili. Alhamisi aliwachuchumaza vijana, Nicanor akiwemo, na chuma mabegani mpaka wakatapika. Celine alimwona mara moja tu, akamwambia mumewe, "Mtu mwenye kifua kama kile hawezi kukosea. Mfuate." Leo maneno hayo yalimchoma.

Alifunika ndoo kwa kitambaa, akameza aibu, akabisha kwa jirani yake Kaltuma, Mama Ramzy, aliyekuwa nesi katika zahanati. Alimweleza habari za Wekulo na vyuma vyake. Kaltuma alifunua, akatazama.

"Huu si uchafu. Misuli ya mumeo imepasuka, na sumu yake inapita kwenye figo. Figo zikifunga, atakufa. Yuko wapi?"

"Kawangware."

"Vaa viatu."

Walitembea mbio. Celine alikuwa akiomba kimoyomoyo, lakini swali moja lilimkaba.

"Mama Ramzy, mbona Wekulo mwenyewe anafanya hayo hayo na ni mzima?"

"Anajidunga dawa. Dawa inamwezesha kubeba leo na kesho abebe tena. Mumeo akibeba vile bila dawa, anavunjika. Na usidhani dawa ndiyo suluhisho. Inamla moyo na ini, polepole. Ukitazama kifua unaona kifua tu, mwanangu. Huoni alikipataje, wala wangapi walijaribu wakaumia."

Waliwakuta nyuma ya duka la mbao. Wanaume sita walikuwa wamepanga foleni, mikono ya shati imekunjwa. Wawili walikuwa wameshadungwa. Wekulo alichovya sindano ile ile katika chupa ya chai yenye maji moto. Nicanor ndiye aliyefuata.

"Ngoja!" Celine alipiga kelele.

"Niaje, mathe?" Wekulo alicheka. "Umemletea bwana uji?"

"Nicanor, kimbia ukanyonye!" mmoja alidakia. Wote wakaangua kicheko.

Nicanor aliinamisha uso. "Celine, rudi nyumbani. Unaniaibisha."

Kaltuma alinyoosha mkono. "Nipe hiyo chupa ya dawa nisome."

Chupa ilikuwa na picha ya farasi.

"Hii ni ya mifugo. Unampimia mtu kiasi gani?"

"Najua kwa macho. Ona mwili huu, mama! Nani atanifundisha?"

"Na sindano ni moja?"

"Naiosha na maji moto."

"Kuichovya kwenye maji moto hakuui virusi vya ukimwi."

Kicheko kilikatika. Celine alimkazia macho Wekulo.

"Kaka, nitajie mmoja uliyemfundisha mwaka jana. Yuko wapi sasa?"

"Wako wengi. Kuna... kuna Osewe."

"Osewe alipelekwa kwao akiwa amevimba miguu," alisema mtu wa mwisho kwenye foleni. Akateremsha mkono wa shati, akaondoka.

Nicanor aliitazama sindano, akamtazama mkewe. Kisha akakaa chini kwenye maranda.

"Celine, mapaja yanawaka moto," alisema. "Nimekuwa nikikuficha."

Kaltuma aliwageukia wale wawili waliodungwa. "Nanyi njooni zahanati leo. Damu itapimwa, na baada ya miezi mitatu mtapimwa tena. Msilale na wake zenu bila kinga mpaka hapo."

Hospitalini Nicanor aliwekewa maji kwa mshipa siku nne. Daktari alisema wangechelewa siku moja tu, figo zingefunga. Jumatano ilipita akiwa kitandani. Alilia kama mtoto, na Celine alimshika mkono bila kumlaumu.

Nicanor alipumzika miezi miwili kabla hajashika chuma tena. Alianza na kidogo, akiongeza polepole. Alikunywa maji, akala dagaa wa omena na maharagwe, akalala vizuri. Uchungu ukizidi, aliacha. Mwili ulijengeka taratibu, na mkojo ulibaki safi. Mtu mwenye misuli akimshauri jambo, aliuliza, "Wewe unatumia nini? Na uliowafundisha wako wapi?"

Asubuhi moja mlango uligongwa. Alikuwa Wekulo. Mabega yake yalijaa mlangoni kama zamani, lakini alishika ukuta, anahema kama amepanda mlima.

"Shemeji," alimwambia Celine, "yule mama nesi anakaa mlango gani?"

Celine alitaka kumwonyesha kwa kidole. Nicanor alimpita, akaupitisha mkono wa Wekulo begani kwake.

"Egemea hapa," alisema. "Twende polepole."