Kidude Kilichobaki

Ruta ya intaneti ilikuwa na taa nne. Ndivyo ilivyochorwa kwenye boksi lake, na ndivyo alivyoapa aliyeifunga. Lakini muuguzi aliporudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, miguu imevimba hadi viatu vinalalamika, aliziona tano. Ile ya tano haikuwa na tundu lake. Ilikuwa ndani kabisa ya plastiki, nyekundu, kama kaa lililofukiwa kwenye majivu.

Akamwambia mumewe. Mtaa mzima ulimwita mumewe Injinia, kwa sababu aliwahi kutengeneza feni na feni ile ikaruka. Injinia akainama, akakohoa kitaalamu, akasema ruta za kisasa zina siri zake. Muuguzi hakuwa na nguvu za kubishana. Akaenda kulala.

Injinia alikuwa ameifunga mwenyewe. Alisema mama yake anahitaji kuwaona wajukuu walioko mbali. Kwamba fainali ya mpira ilikuwa wiki hiyo hiyo, hilo lilikuwa jambo la bahati tu. Intaneti yenyewe ilipita kwenye waya wa simu, ule uliokufa pamoja na marehemu baba yake, na kampuni ikaufufua. Simu ya mzee, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, ilikuwa bado juu ya meza ya sebuleni, imefunikwa kitambaa. Injinia akachomeka ruta, akaurudisha na waya wa simu ukutani kwa heshima ya marehemu, akapiga makofi. Kikabaki kidude kimoja: kiboksi kidogo cheupe chenye mkia mfupi wa waya.

Mkewe akauliza hicho ni cha nini. Injinia akamjibu kwamba fundi wa kweli hakosi kubakiza kitu, akakitupa kwenye droo ya betri zilizokufa na funguo zisizojua tena milango yake.

Mama mkwe aliishi nao. Mchana, Injinia akiwa kazini, muuguzi alilala huku sikio moja likimlinda yule mama. Na adhuhuri moja sikio hilo likamwamsha. Sebuleni kulikuwa na mchakacho, kama mtu anayemwaga mchanga juu ya karatasi, polepole, bila kuisha. Kulikuwa na harufu ya kisima kilichofunikwa muda mrefu. Kisha sauti ya mama mkwe, laini, ya kike kuliko alivyowahi kuisikia:

"Abee."

Akamkuta ameshika mkonga wa simu sikioni, anatabasamu kama bibi harusi.

"Usipige kelele, mwanangu," akanong'ona yule mama. "Yupo hewani."

Muuguzi aliwaona wengi wodini wanaozungumza na wasiokuwepo. Akajiambia atalishughulikia akishalala kidogo. Uchovu una madhambi yake: humfanya mtu aahirishe hata hofu.

Akaahirisha mpaka mama mkwe akaacha kula. Akaahirisha mpaka siku alipomkuta ameketi kitandani anakunja nguo zake moja moja, pindo kwa pindo, na kuzipanga ndani ya begi. Hapo usingizi ukamtoka. Wodini aliwajua watu wanaoanza kukunja nguo vizuri bila kuambiwa wanaruhusiwa kwenda nyumbani. Huwa hawaendi nyumbani.

Akamlazimisha Injinia abaki nyumbani siku iliyofuata. Adhuhuri mchakacho ulipoanza, Injinia akachukua simu mkononi mwa mama yake, mzaha uko tayari ulimini. Mzaha ukafia hapo hapo. Akarudisha simu mezani, akamvuta mkewe jikoni, akafungulia bomba ili maji yafunike sauti zao.

"Ni sauti ya baba."

"Una hakika?"

"Ni yake. Ila baba alikuwa na kigugumizi, mke wangu. Akiomba maji, mpaka alimalize hilo neno kiu imekwisha. Huyu anatiririka."

Wakauchomoa waya wa simu. Mchakacho ukahamia ndani ya ruta. Wakaichomoa ruta kwenye umeme, taa nne zikazima, ya tano ikabaki inapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni mbele yake, mikono mapajani.

Muuguzi akaketi naye, maana hata kusimama kulikuwa kazi.

"Mama, huyo si mzee."

"Najua." Hakugeuka. "Nimeishi na kigugumizi kile ujana wangu wote, nitakisahau? Lakini huyu ananiita kwa jina langu. Wewe waniita mama. Mumeo, mama. Wajukuu, bibi. Mtaani, mama Injinia. Jina langu tulilizika na mzee, mwanangu. Huyu amelifukua." Akalipapasa begi. "Kesho anakuja kunichukua. Kasema nikimwitikia nimesimama mlangoni, basi."

Usiku ule muuguzi aliomba ruhusa kazini. Injinia akazunguka nyumba nzima mpaka jua la kesho yake likapanda, kisha akasimama ghafla, akakiri kwa sauti ndogo kwamba yule muuzaji wa ruta alimweleza jambo, naye akaitikia tu ndiyo ndiyo huku akiwaza fainali. Kile kidude kilikuwa kichujio. Hukaa kati ya ukuta na simu, sauti ipite kwake na intaneti ipite kwake. Bila hicho, muuzaji alisema, sauti huzurura popote. Wakaimwaga droo sakafuni.

Walikuwa bado wanapekua adhuhuri ilipoingia. Injinia akakipata chini kabisa, akamrushia mkewe, akakimbilia mlangoni. Muuguzi akapiga magoti ukutani, macho yakiona kila kitu mara mbili, matundu mawili, mikono minne, na mchakacho ukaanza, safari hii ukutani, darini, chini ya zulia, na harufu ya kisima ikapanda mpaka ikawa kama nyumba nzima imeshushwa humo kwa kamba, na sauti ikaita, tamu, bila kigugumizi, jina la mama mkwe, na mama mkwe akainuka na begi lake, mwepesi kama msichana, na Injinia aliyekimbilia kuuziba mlango akaketi chini, na mama akampita mwanawe kana kwamba ni ndoo, akasimama kizingitini, akafungua mdomo.

Muuguzi hakuwahi kulitamka jina lile. Jina la mkwe halitafunwi hovyo. Akalitamka. Hakupaza sauti, aliliita kama anavyowaita wagonjwa wanaozinduka baada ya kupasuliwa, taratibu, jina kamili, kwa mtu anayetakiwa arudi.

Mama mkwe akageuka.

"Abee," akamwitikia yeye.

Kidude kikaingia ukutani kwa mlio mdogo, na waya wa simu ukaingia ndani yake. Mchakacho ukakatika. Taa ya tano ikazimika.

Jioni ile mama mkwe alikula, akaomba tena, akalalamikia chumvi. Injinia akarudiwa na ulimi, akadai tangu mwanzo alijua kile kidude ni muhimu ndiyo maana akakihifadhi. Ruta ikarudishwa kwenye umeme, wajukuu wakatokea kwenye kioo cha simu ya mkononi, na kwa amri ya muuguzi kila mmoja akamwita bibi yake kwa jina kabla ya salamu. Yule mama alicheka mpaka akafuta macho.

Kesho yake Injinia akaenda kazini. Mama mkwe akalala chumbani kwake, anakoroma kwa amani. Muuguzi akavuta pazia, akanyoosha miguu ile iliyovimba, akafumba macho.

Ndani ya kope zake kulikuwa na kaa jekundu, linapanda na kushuka.

Kichujio huzuia kinachopita kwenye waya. Kilichokwisha kuingia hakikizuii.

Kazini walimwita sista. Nyumbani, mke wangu, mwanangu. Alikuwa hajafikiria ni lini mara ya mwisho mtu alimwita kwa jina alilopewa na mama yake. Sasa likatoka sebuleni, lote, polepole, kwa sauti iliyojua jinsi alivyochoka, ikamwambia aje mlangoni, apumzike.

Alijua ni nani. Alijua vizuri kabisa. Lakini alikuwa amechoka, jamani, amechoka kweli, na mdomo ukafunguka wenyewe.