Mpasuko wa Bega la Kushoto

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, waliokuwepo katika duka la zawadi za mashabiki, ubavuni mwa soko la Majengo mjini Dodoma, walikuwa wanne. Wa kwanza ni Emiliana, mwenye duka, mwanamke wa miaka ishirini na minane. Wa pili ni Naima, msaidizi wake, mchapaji wa majina kwenye vikombe. Wa tatu ni Mzee Msafiri, muuza viatu wa jirani, aliyekuja kuazima kalamu kama alivyofanya kila siku. Wa nne hakuwa amekusudia kuwepo. Aliingizwa na upepo.

Ulikuwa upepo wa Agosti, ule unaonyanyua vumbi la sokoni na kulimwaga machoni mwa watu bila kuchagua. Kijana huyo aliingia kinyumenyume, mikono usoni, shati lake jeupe limekuwa na rangi ya tofali. Mgongo wake ukagonga stendi ya skafu, na skafu zote zikalala sakafuni.

"Samahani, dada! Samahani sana!" alisema, akaanza kuziokota mbiombio na kuzitundika.

Emiliana alimtazama mpaka akamaliza.

"Kaka, hebu rudi nyuma hatua mbili. Unaona ulichofanya?"

"Nimezirudisha."

"Umemlaza Simba kitanda kimoja na Yanga."

Naima aliangua kicheko. Kijana alitazama kuta na kuelewa. Kila kitu kilikuwa na mahali pake: ukutani kushoto zilining'inia jezi nyekundu, na chini yake vikombe vyekundu, bendera nyekundu na vishikio vya funguo vyenye kichwa cha simba. Ukutani kulia mpangilio ulikuwa ule ule, kwa kijani na njano.

"Utaratibu wa hapa ni mmoja," alisema Emiliana. "Nyekundu kushoto, kijani kulia, na katikati hapakai kitu."

"Mbona wewe umesimama katikati?"

"Mimi nipo kaunta."

"Sawa. Lakini moyo wako uko upande gani?"

"Moyo wangu nao uko kaunta."

"Usijisumbue, kijana," alidakia Mzee Msafiri. "Miaka mitano namuuliza, hajanijibu. Siku ya mechi ya watani anafunga duka, anakwenda kwake Nzuguni, anaangalia peke yake na mlango kaufunga. Tazama hata mavazi yake."

Kijana alitazama, na hakuharakisha. Emiliana alikuwa amevaa gauni la kitenge cha kahawia, limemkaa vyema, na kilemba cha kahawia iliyoiva zaidi. Rangi ambazo hakuna timu iliyowahi kuzidai. Vidole vyake vilikuwa virefu, vya mtu aliyezoea sindano. Alikuwa amekwisha kuzipanga upya skafu zote, pindo kwa pindo, bila kuonekana kuwa na haraka.

"Naitwa Gerson," alisema kijana. "Nafanya kazi wizarani, kule Mtumba. Kwetu ni Mkonze. Mimi ni Simba, na sifichi."

"Karibu, Gerson. Ukitoka, toka kwa kutanguliza uso."

Jumamosi iliyofuata alirudi, akanunua kishikio cha funguo. Jumamosi ya pili akanunua kingine. Ya tatu, Emiliana alishindwa kuvumilia.

"Gerson, una funguo ngapi?"

"Mmoja."

"Na vishikio vitatu?"

"Ufunguo wenyewe ni mkubwa."

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa vitu vidogo. Mwezi wa Septemba simu ya asubuhi ilikuwa imekwisha kuwa desturi.

"Haloo, Kaunta. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mtu wa vumbi. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa kwenye kikombe chako, mpenzi. Bosi wangu ni Yanga. Amekitazama kama kina sumu."

"Mwambie nina vya kwake pia."

"Kaunta, niambie mimi tu. Kwa siri. Uko upande gani?"

"Nenda kazini, Gerson."

Akakata simu huku akitabasamu, na Naima akajifanya hakuona.

Katikati ya Oktoba, Gerson alifika siku ya Ijumaa, siku isiyo yake, akiwa na mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na jezi nyekundu ya zamani, ya pamba nzito, namba tisa nyeupe imeshonwa mgongoni kwa mkono.

"Ya baba," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeitoa sandukuni bila yeye kujua. Anang'atuka uenyekiti wa tawi letu la Mkonze Jumapili ya wiki ijayo. Sisi watoto tunataka tumkabidhi ikiwa kwenye fremu, yenye kioo. Baba anaipenda jezi hii kuliko..."

Simu yake ikaita. Alikuwa bosi.

"Kuliko nini?" aliuliza Emiliana.

"Nitakueleza. Nitaifuata Jumatano. Itengeneze vizuri, unavyojua wewe."

Akatoka mbio. Emiliana akabaki na jezi na maneno yale mawili: unavyojua wewe.

Alivyojua yeye, kitu cha heshima hakikabidhiwi kikiwa na kasoro. Alipoitandaza mezani aliona mpasuko mkubwa uliotoka bega la kushoto hadi kwapani. Moyo ulimuuma. Mzee mzima, mbele ya wanachama wake, apewe jezi iliyochanika? Alifumua pindo la ndani akapata nyuzi za jezi ile ile, zenye wekundu ule ule uliopauka kwa miaka. Kwa alasiri tatu aliziba mpasuko ule uzi kwa uzi, akifuata mfumo wa kitambaa, bila fundo lolote. Alipomaliza, Naima aliisogeza jezi karibu na macho, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Dada, hivi ilichanika wapi?"

Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Alitamani Jumatano ifike, Gerson aione.

Jumatano ilifika. Gerson aliishika jezi, akalitafuta bega kwa kidole gumba, na uso ukambadilika.

"Uko wapi mpasuko?"

"Nimeuziba," alisema Emiliana kwa furaha. "Huwezi kuuona hata ukitafuta."

"Umeuziba." Gerson aliketi. "Emiliana, mpasuko ule ndio baba aliokuwa anautunza."

Ndipo alipomweleza yale ambayo simu ya bosi iliyakatiza. Miaka thelathini na minne iliyopita, Simba ilikuja kucheza uwanja wa Jamhuri. Ruthu, msichana wa Chemba aliyekuja mjini kumtembelea dada yake, alipelekwa uwanjani ingawa mpira hakuujua. Bao lilipoingia, watu waliruka, naye kwa hofu akamshika bega kijana asiyemjua aliyesimama mbele yake. Jezi ikachanika. Msichana akaomba radhi, akaahidi kuishona. Kijana, Bartolomayo, akasema ataileta kesho. Kesho alikwenda, akasema ameisahau nyumbani. Keshokutwa ameisahau. Aliisahau miezi minane, mpaka siku alipopeleka posa.

"Baba hajawahi kuruhusu iguswe, hata na mama," alimaliza Gerson. "Nami nimeiiba sandukuni nikaileta kwako."

"Hukuniambia."

"Ulipaswa kuuliza kwanza! Unapanga kila kitu, unanyoosha kila kitu. Sijui hata uko upande gani! Huenda..."

"Huenda nini? Malizia."

Gerson aligeukia mlango, lakini Emiliana alikwisha kusikia.

"Huenda nimefanya kwa makusudi. Ndicho ulichotaka kusema." Aliikunja jezi mara nne, mikono ya vazi ndani, kama alivyokunja kila kitu. "Chukua jezi yenu, Gerson."

Siku iliyofuata simu ya asubuhi haikuita. Ilipofika saa tano, Emiliana alipiga yeye.

"Naweza kufumua," alisema bila salamu. "Sikufunga fundo. Uzi wote utatoka."

"Ukifumua, Emiliana, utakuwa mpasuko wako. Hautakuwa wa mama."

Alisema kweli, na hakumwita Kaunta. Jambo hilo la pili ndilo lililomfanya Emiliana ageukie ukutani ili Naima asimwone.

Jumapili mchana alivaa gauni lake la kahawia, akaichukua fremu tupu aliyokwisha kuitengeneza, mti mwekundu uliopakwa nta, kioo kimefutwa kiking'aa.

"Dada, achana nao," alisihi Naima. "Amekutukana."

"Amenitukana, ndiyo. Lakini kazi iliyoharibika ni yangu, na iko kwenye nyumba ya mtu mzima. Siwezi kumwachia mwingine akaieleze."

Huko Mkonze, chini ya turubai, wanachama wa tawi walikuwa wamekaa kwa safu, wekundu mtupu, na harufu ya pilau ilifika hadi barabarani. Mzee Bartolomayo aliketi meza kuu, koti jeusi, shati jekundu, mkewe pembeni yake. Gerson alisimama nyuma yao akiwa na mfuko wa karatasi, na kwa namna alivyoushika ilionekana wazi kwamba hajaukabidhi.

Emiliana alipita katikati ya safu hadi mbele.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa!" alijibu mzee kwa salamu ya Kigogo. "Umetuletea dirisha?"

Watu walicheka. Emiliana hakucheka.

"Ni fremu, baba. Naitwa Emiliana, nina duka la zawadi Majengo. Nililetewa jezi yako ya zamani niitie ndani ya fremu. Niliona imechanika bega, nikaishona bila kuuliza. Sikujua maana yake. Mwanao hana kosa katika kushona. Kosa ni langu, na nimekuja kuliombea radhi kwako mwenyewe."

Mzee Bartolomayo aligeuka polepole.

"Gerson. Ulifungua sanduku langu?"

"Nilifungua, baba."

"Ilete."

Jezi ilitolewa. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akalitafuta bega, asipate kitu. Kabla hajasema neno, mkewe aliichukua. Mama Ruthu alivaa miwani yake. Akaisogeza kwenye mwanga, akaipitishia ukucha, akaigeuza ndani nje.

"Nani amekufundisha kushona hivi?"

"Mama yangu, mama."

"Uzi umetoa wapi?"

"Kwenye pindo lake lenyewe."

Mama Ruthu alivua miwani.

"Miaka thelathini na minne," alisema, "mwanamume huyu ananiambia kesho ataileta niishone. Ameisahau nyumbani! Na nyumba yenyewe ndiyo ninayolala mimi! Kila nikifungua sanduku naiona imechanika, nakumbuka ahadi yangu sijaitimiza." Akamgeukia mumewe. "Haya, Bartolomayo. Ahadi imetimizwa. Una neno?"

Mzee aliipapasa jezi begani.

"Nilikuwa naogopa," alisema hatimaye, "kwamba ikishashonwa hutakuwa na sababu ya kukaa."

"Niende wapi na mgongo huu?"

Kicheko kilichopasuka hapo kilifika barabarani pamoja na harufu ya pilau. Mzee alicheka mpaka akajifuta macho, na huenda si kicheko peke yake kilichoyalowesha. Kisha akavua koti, akaivaa jezi juu ya shati. Ilimbana tumboni, lakini bega lilishika.

Gerson alikwisha kufika mbele ya Emiliana.

"Kaunta," alisema.

Neno hilo moja lilimfanya ashindwe kumkazia uso.

"Nilitaka kusema neno baya Jumatano. Kulimeza nusu hakukulifanya kuwa dogo. Naomba unisamehe."

"Ulidhani nilifanya kwa makusudi."

"Niliogopa baba, nikakutupia wewe hofu yangu. Dukani kwako hakuna kitu kilichowahi kuwekwa mahali pasipo pake, nami nilijua hivyo."

"Sema kwa sauti, Gerson!" aliita Mama Ruthu. "Au na wewe una jambo la kuleta kila siku unalisahau nyumbani, kama baba yako?"

"Amekwisha kununua vishikio vya funguo kumi na moja, mama!" alisema Emiliana, na hakujua kwamba amepaza sauti mpaka aliposikia safu ya nyuma ikicheka.

Gerson alivuta pumzi.

"Sijalisahau, mama. Emiliana, ukikubali, wazee wangu watakuja kwenu kuleta posa wiki ijayo. Na ukitaka muda wa kufikiri, nina nafasi ya vishikio vingine."

Emiliana aliiweka fremu tupu mezani, akainyoosha ikae sawa na ukingo wa meza. Kisha akawageukia wanachama.

"Nitajibu mbele yenu nyote," alisema, "kwa sababu mna haki ya kujua mnampokea nani. Baba yangu, marehemu, alinibeba mabegani kwenda Jamhuri nikiwa na miaka sita. Jezi ya Mzee Bartolomayo niliishona kama ningeishona ya baba yangu, uzi kwa uzi. Ila ya baba yangu, ndugu zangu, ilikuwa ya kijani. Mimi ni Yanga."

"Uwiii!" mtu alipiga yowe. Mwanachama mmoja alisimama kabisa. Mzee Bartolomayo akainua mkono, na utulivu ukarudi.

"Hajamaliza," alisema.

"Nimekubali kuolewa na Gerson. Jezi ya baba haihitaji tena kioo, kwa hiyo fremu hii itatunzwa hapa Mkonze kungojea picha ya harusi. Mwekundu atasimama kushoto, wa kijani atasimama kulia."

"Na katikati je, Kaunta?" aliuliza Gerson.

"Katikati," Emiliana akawatangazia wote, "hapakai kitu."