Mgeni Ni Mgeni

Ndugu zangu, nawasimulia habari ya nyumba inayopakana na yangu. Wenyewe wamenipa ruhusa, na wala sisimulii ili tuwacheke, kwa maana kila nyumba ina kizingiti chake cha kujikwaa. Nasimulia kwa sababu uchaguzi huja na kupita, bali sisi hubaki.

Asubuhi katika nyumba ile zilianza kwa sauti ya randa. Ndugu wawili, mafundi seremala, walifanya kazi uani chini ya mabati. Mkubwa tulimwita Katiba, kwani hakuna ubishi ambao hakuumaliza kwa kutaja kifungu cha katiba ya chama chake. Mdogo wake aliitwa Msasa: maneno yake yalikukwaruza, lakini baadaye ulijikuta umelainika. Siku hizo walikuwa wakitengeneza kitanda chenye kingo pembeni, ili mama yao asianguke. Mama yule alikuwa amepooza ubavu mmoja kwa kiharusi.

Maneno nayo yalikuwa yamemponyoka. Alitoa vipande tu, na wanawe walibahatisha. Mtu mmoja alimwelewa sawasawa, na huyo alikuwa mke wa Katiba, Mama Pacha. Mama Pacha alitoka mbali. Alipoolewa alikuja na lafudhi yake, na watoto wa mtaa walimwiga mpaka akaona haya kwenda dukani. Mama mkwe ndiye aliyemfundisha misemo yetu, neno kwa neno, wakifua nguo pamoja. Sasa mwanafunzi alikuwa amegeuka mkalimani. Mama akisema "ta", yeye alijua kama ni taa au tandiko. Na ndiye aliyemgeuza mara kwa mara kitandani ili mgongo usichubuke.

"Shemeji," Msasa alipenda kumtania, "ulikuja hapa huna lugha, sasa wewe ndiye uliyebaki nayo."

"Na wewe uliyezaliwa nayo," alijibu, "umeimaliza kwa kubishana."

Basi wote walicheka, hata mama, kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii. Ndiyo amani ninayoisema. Huwa hatuioni mpaka ituondokee.

Ndugu hawa wote wawili walikuwa wajumbe wa mkutano mkuu wa chama, ule wa kuteua mgombea urais. Tangu zamani walikwenda pamoja na kupiga kura pamoja. Mwaka ule akatokea mtu aliyejulikana kama Injinia. Kadi yake ya chama ilikuwa bado inanuka wino, na hakuwahi kubandika hata bango moja ukutani. Lakini vijana walimpenda, na wengi walisema huyu anaweza kushinda. Wakongwe walikuwa na mtu wao aliyengoja zamu yake kwa uvumilivu, nao wakakasirika. Kiongozi wao alikuwa Katibu wa chama. Wakajiita Wenye Nyumba, na waliomtaka Injinia wakabandikwa jina la Wageni.

Ufa ulioanzia chamani ukaingia uani. Katiba alisema chama si kituo cha basi, mtu ashuke leo na leo hii ashike usukani. Msasa alisema nyumba isiyopokea wageni hugeuka ghala. Ilianza kama mizaha, ikawa masimango, kisha wakaacha kusemezana kabisa. Kitanda cha mama kilikuwa nusu. Kila mmoja akaendelea na upande wake, akipima kwa futi yake, bila kumuuliza mwenzake.

Mama Pacha alijaribu. Alimwambia mumewe kwamba Injinia ashinde au ashindwe, mtu atakayeshika ncha ya pili ya msumeno ni ndugu yake. Katiba alimjibu kuwa mambo ya chama yana wenyewe.

Siku ya mkutano nilikuwa kwao. Mama Pacha alikuwa akimnywesha mama mkwe chai kwa kijiko, na redio ilikuwa ikitangaza moja kwa moja kutoka ukumbini. Tulisikia Katibu akimkaribisha Katiba kwenye kipaza sauti. Tukafurahi, maana si kila siku mtu wa mtaa wako anasikika nchi nzima.

Alianza vizuri, kwa vifungu. Kisha watu wakashangilia, na makofi ni kama pombe, kadiri unavyopewa ndivyo unavyotaka zaidi. Akapaza sauti: "Mgeni ni mgeni! Hata umpe funguo, hata azae ndani ya nyumba yako, siku moto ukiwaka atakimbilia kwao!"

Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Kijiko kilisimama hewani.

Mama Pacha alimalizia kumnywesha mama mkwe ile chai, akampangusa mdomo, akazima redio. Mama alimshika mkono kwa ule mkono wake mzima, akitoa sauti nisiyoielewa. Mama Pacha aliubusu ule mkono, akauachanisha polepole na wake. Akaenda kukunja nguo za pacha wake.

"Shangazi," aliniambia, "tafadhali kaa naye mpaka wanawe warudi. Mimi moto umewaka. Nakwenda kwetu."

Kule ukumbini, Msasa alisimama kumjibu kaka yake, na mtu akampiga kichwani kwa kiti. Katiba aliona kutoka jukwaani, na hakushuka. Kura zikapigwa, Injinia akashinda. Jioni ile ile Katibu alimkumbatia Injinia mbele ya wapiga picha, akatangazwa kuwa mgombea mwenza, akasema sasa wote ni wenye nyumba. Katiba alitaka kuuliza swali, lakini sauti yake ilikuwa imekauka kwa kelele. Hakuna aliyemwona hata akinyoosha mkono.

Walirudi kila mtu kivyake, mmoja na bandeji, mwingine na koo lililochanika. Waliponikuta mimi badala ya Mama Pacha, hawakuhitaji maelezo marefu. Mama alikuwa akirudia kitu kimoja: "Ngu... ngu..."

Wakadhani anataka nguo. Wakambadilisha. Akarudia, wakambadilisha tena, mpaka sanduku likawa tupu na kamba ya uani ikalemewa. Mama alilia, akafumba mdomo, akakataa chakula. Nilijaribu mimi, akanigeuzia uso. Siku zilivyopita mgongo ukaanza kutoka vidonda, na mganga wa zahanati akasema wazi kwamba asipokula hatafika mbali.

Hapo ndipo ndugu wale walipotazamana. Wakaenda pamoja kwa wakwe. Katiba alikuwa bado hana sauti, hivyo Msasa, mwenye bandeji, ndiye aliyemsemea kaka yake.

Mama Pacha aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mumewe, "Ulisema moto ukiwaka nitakimbilia kwetu. Ni kweli, nimekimbia. Lakini moto aliuwasha nani?"

Katiba aliinamisha kichwa.

"Mama anasemaje?" akauliza Mama Pacha.

"Tungejua tungekuja hapa?" alisema Msasa. "Ni 'ngu, ngu' kutwa nzima. Tumembadilisha nguo mpaka zimekwisha."

Sauti ya Mama Pacha ilibadilika. "Hataki nguo. Hilo ni jina langu. Huniita mwanangu."

Katiba akalia mbele ya mkwewe. Kwa ile sauti ya kukwaruza, iliyosikika kwa shida upande wa pili wa meza, alisema, "Nisamehe, mama watoto. Mgeni wa nyumba ile nilikuwa mimi."

Mama Pacha alirudi kwa sharti moja: maneno hayo Katiba ayarudie mbele ya mkutano wa tawi, maana tusi lilitoka hadharani. Akayarudia. Wengine walicheka, lakini aliyamaliza. Mama alipomwona mkwewe mlangoni alisema "ngu", akafungua kinywa kabla kijiko hakijafika. Vidonda vilichelewa kupona, ila namshukuru Mungu, vilipona.

Kitanda nacho kikaunganishwa. Kilicheza, kwa sababu kila mmoja alikuwa amepima miguu ya upande wake peke yake. Msasa alitaka kuikata upya, Katiba akakataa, akasema ibaki kuwa ukumbusho. Wakasukuma kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, na mpaka leo kipo pale.

FUNZO

Ndugu zangu, wakubwa wa chama hugombana asubuhi na kukumbatiana jioni, kwa kuwa wana vyeo vya kugawana. Sisi wadogo hatuna cha kugawana ila majeraha. Mpendeni mgombea mnayemtaka, na mkataeni msiyemtaka, lakini neno mnalomrushia mtu wa mbali liangalieni kwanza, kwani laweza kutua juu ya mtu aliyeshika kijiko nyumbani kwenu. Na kabla hujamwita mtu mgeni, jiulize mama yako anamwitaje. Mungu atulinde na ndimi zetu.