Mwizi Aliyekunja Mashati

Inspekta Ndalahwa alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akipitisha brashi yenye unga mweusi juu ya vibanio vya sanduku. Aliipitisha polepole, kama mtu anayepangusa uso wa mtoto aliyelala.

"Vidole vimejazana hapa, afande," alisema Koplo Getruda, aliyemshikia tochi. "Kama soko siku ya gulio."

"Tutavitenganisha. Kimoja kimoja."

Chumba namba sita cha gesti ile, jirani na stesheni ya reli ya Mwanza, kilikuwa na kitanda, neti iliyofungwa fundo na dirisha lililotazama barabara. Mlangoni alisimama mlalamikaji, Yahaya, wakala wa kiwanda cha betri. Tangu biashara huria iliporuhusiwa, kiwanda kilimtuma kila mji wenye maduka: anatoka kwao Musoma, anapita Mwanza, Tabora, Kigoma, kisha anarudi kwa njia ileile. Na kila aliposhuka alipiga picha. Hakuziuza. Aliwapiga picha wauza mihogo, washona viatu, watu waliolala wakisubiri treni. Jana alikuwa ametoka Kigoma. Leo asubuhi alikwenda madukani, na aliporudi alikuta ameibiwa.

"Umeibiwa nini hasa?"

"Mikanda miwili ya filamu. Yote ya hapa Mwanza. Bado haijasafishwa. Husafisha mwenyewe nyumbani, jikoni, nikishaziba dirisha."

"Na kamera?"

"Ipo." Yahaya alijibu kama mtu anayeona aibu. "Ilikuwa juu ya mikanda. Ameisogeza pembeni."

Ndalahwa aliitazama. Kamera ya Kijapani, nzuri. Saa ya mkononi nayo ilikuwepo.

"Alijuaje ipi ni ya Mwanza?"

"Mkanda ukiisha naubandika plasta, naandika jina la mji. Ya Tabora na Kigoma ameiacha." Sauti ya Yahaya ilishuka. "Kamera nitapata nyingine, Inspekta. Nyuso zile sizipati tena. Na mkanda mbichi ukiona jua, umekwisha. Nisaidieni kabla hajaufungua."

Ndalahwa aliinua kifuniko cha sanduku. "Mashati haya uliyakunja wewe?"

Yahaya alichungulia. Mashati yalikuwa yamepangana, kola juu ya kola.

"Mimi? Mimi huyatupia tu humo."

Getruda aliangua kicheko. "Afande, mwizi gani anakunja mashati ya watu?"

"Andika hilo," alisema Ndalahwa. Mlango haukuvunjwa. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake mapokezi, mahali ambapo kila mpita njia angeweza kuuchukua.

Mhudumu wa gesti, Selina, alileta ndoo na sabuni ili Inspekta anawe unga mikononi. Begani alikuwa amebana kitambaa cheusi kwa pini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Pole na msiba, mama."

"Tumeshapoa." Aliweka ndoo chini, akaondoka.

Ndalahwa alimgeukia Yahaya. "Hapa mjini, nani hakupenda kupigwa picha?"

"Mmoja. Jana jioni kivukoni, mnunuzi wa samaki anaitwa Maige. Alinikaba akitaka mkanda."

Walimkuta Maige kwenye soko la samaki la Kirumba, penye mzani, amezungukwa na matenga ya sangara.

"Ulimkaba Yahaya?"

"Nilimshika kola, afande. Kukaba ni neno kubwa."

"Kwa nini?"

"Alinipiga picha."

"Ni kosa?"

"Sikuwa peke yangu."

"Ulikuwa na mkeo?"

Maige alitazama ziwa, akatazama viatu vyake. "Mke wangu ni Mkerewe, amekua akivuta nyavu. Ile mikono ikinishika... Tafadhali usiandike hilo, dada."

"Nimeshaandika," alisema Getruda.

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, tangu alfajiri. Waulize hawa."

"Alikuwepo!" walipaza sauti wapakizi. "Na alitupunja!"

Walipoondoka, Getruda alisimama. "Tumweke ndani kwanza, afande. Ana sababu."

"Sababu anayo. Lakini umeona shati lake?"

Getruda aligeuka kutazama. Shati la Maige lilikuwa limekunjamana kama karatasi ya kufungia karanga.

"Anayeiba mkanda na kuacha kamera anataka picha," alisema Ndalahwa. "Na anayetaka picha lazima amwendee msafishaji. Twende kwenye studio."

Studio mbili za kwanza hazikujua lolote. Ya tatu ilikuwa ya mzee Abdillah, aliyepiga picha za arusi na za vitambulisho tangu zamani. Waliposalimiana na kueleza shida yao, mzee aliinama chini ya meza, akatoa boksi. Ndani yake mikanda miwili ilikuwa imeviringana kama utumbo.

"Kabla ya adhuhuri alikuja mama mmoja," alisema. "Ameifunga ndani ya kanga, na yote ameshaivuta nje ya vikopo. Nikamuuliza, mama, umefanya nini? Akasema aliiinua juani amtafute mtu wake."

Getruda alishika kichwa.

"Usimcheke," alisema mzee. "Sisi wenye studio ndio tumewafundisha. Tunampa mtu picha na negativu yake, kipande cha mkanda uliokwisha kusafishwa. Akitaka nakala nyingine, tunamwambia inua negativu juani, mtafute unayemtaka, kisha uniletee. Mji mzima unafanya hivyo. Nani aliwahi kuwaambia kwamba mkanda mbichi haushikwi hivyo?"

"Alimtafuta nani?"

"Mzee wa baiskeli. Nilipomwambia jua limekula kila kitu, alikaa hapo kizingitini akalia. Nilifunga studio nikamnunulia chai."

"Alivaaje?"

"Kitenge cha kawaida. Na kitambaa cheusi hapa begani."

Kalamu ya Getruda ilisimama. Ndalahwa alichukua boksi kama kielelezo, akamshukuru mzee.

Walimkuta Selina nyuma ya gesti, anaanika mashuka. Yahaya alikuwa ameketi kwenye ngazi, kamera mapajani. Alipoona kilichomo ndani ya boksi, alifumba macho.

"Selina," alisema Ndalahwa kwa sauti ya chini, "yale mashati uliyakunja vizuri."

Shuka lilimponyoka. Aliliokota, akalikung'uta vumbi, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Sikukusudia kuyakunja, afande. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Mikanda uliichukua wewe?"

"Niliichukua mimi."

"Kwa nini?"

"Baba yangu ni Mayala. Fundi baiskeli aliyekuwa anakaa pale nje, ukutani." Alielekeza kwa kidevu. "Maisha yake yote hakupigwa picha. Alisema picha ni za watu wenye viatu. Huyu kaka alipopita hapa akienda Kigoma, alimbembeleza. Baba akavaa kofia, akakaa wima kama anahesabiwa. Akaambiwa, safari ijayo nitakuletea. Kila jioni baba alikuwa akiuliza: yule wa betri hajarudi? Mwezi uliopita akafa."

Alilikunja lile shuka magotini, pembe juu ya pembe.

"Jumamosi ni arobaini, kwetu Kisesa. Ndugu wanataka picha ya kuweka mezani, na mimi sina hata moja. Baba alikuwa na kovu shavuni. Jana nilikaa nikajaribu kukumbuka, ni shavu la kulia au la kushoto? Nikashindwa. Baba yangu mwenyewe!"

"Kwa nini hukumwomba Yahaya?"

"Nilimwomba jana alipofika, hata sanduku hajaliweka chini. Akasema, mama, subiri safari ijayo. Hakuuliza ni picha ya nani." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na baba aliambiwa hivyohivyo. Nikachukua yenye jina la Mwanza. Sasa nimewaua wote, baba na watu wa watu."

Yahaya alisogea karibu. "Nilikuwa nimechoka na treni," alianza, kisha akaliacha neno hilo. "Nawaahidi watu wengi, dada. Kila mji. Nisamehe."

"Mzee huyo ulimpiga picha lini?" aliuliza Ndalahwa.

"Asubuhi ile nikienda stesheni. Mkanda wa Mwanza ulikuwa umeisha, nikatia mpya palepale, akiwa ananisubiri amek..." Yahaya aliitazama kamera yake. "Mkanda mpya. Yeye ni picha ya kwanza. Nyingine zote nilipiga Tabora."

"Na plasta unaandika mji gani?"

"Mji mkanda ulipoishia."

Yahaya alikimbilia ngazi, akipita mbili mbili, kuufuata mkanda wa Tabora.

Walipofika wote studioni, Yahaya, ambaye hakuwahi kumruhusu mtu amsafishie filamu, alimkabidhi mzee Abdillah mkanda wa Tabora kwa mikono miwili. Mzee aliingia chumba cha giza. Nje, Yahaya alimwambia Inspekta kwamba anafuta malalamiko.

"Hayafutwi barabarani," alisema Ndalahwa. "Kesho njooni kituoni, wewe na Selina. Tutaongea na mkuu wa kituo, tuandike vizuri."

"Na Maige?" aliuliza Getruda.

"Picha yake imeungua. Atachinja kuku."

Mlango ulifunguliwa. Mzee aliutundika mkanda uliolowa kwenye kamba kwa kibanio cha nguo, akawasha taa nyuma yake. Ndalahwa alitoa mfukoni kioo chake cha kukuzia alama za vidole, akampa Selina.

Selina aliinama.

"Ni yeye. Lakini mbona amekuwa mweupe, na kofia nyeusi?"

"Kwenye negativu ndivyo alivyo," alisema mzee. "Karatasini atarudi rangi yake."

"Na kovu naliona! Liko kulia."

"Usiapie. Upande huu, kulia yaweza kuwa kushoto."

Selina alinyoosha kidole.

"Usimguse, bado ana maji. Akikauka, kesho nitamchapisha mkubwa, wa kuweka mezani. Hapo utaliona kovu lilipo."

"Kesho saa ngapi?"

"Njoo asubuhi."

Getruda alifungua daftari lake. "Afande, kwenye jalada niandike nini?"

Ndalahwa alikuwa bado anamtazama yule mzee mdogo aliyening'inia kwenye kamba, ameketi wima.

"Acha wazi," alisema. "Tutaandika kesho."