Dawa ya Kupunguza Kinga

Kila asubuhi nyumbani kwetu Kisian, kabla ya chai, mimi na Shangazi Dorca tulimeza dawa. Yeye alimeza kidonge chake cha ARV, cha kulinda kinga ya mwili. Mimi nilimeza vyangu kwa sababu ya ugonjwa wa figo uliowahi kunivimbisha uso mpaka macho yakafungika. Saa hizo Mama alikuwa ameshaondoka kwenda kuuza samaki kando ya barabara.

Siku moja kliniki nilimsikia muuguzi akimwambia mwenzake, "Huyu Lorine anatumia dawa za kupunguza kinga."

Nilishtuka. Kupunguza? Shangazi haruki dawa hata siku moja ili kinga yake isipungue. Mwalimu Wesonga naye alitufundisha kwamba kinga ndiyo hupigana na magonjwa. Sasa mimi nameza vidonge vya kuniondolea ulinzi? Niliona haya kuuliza, nikaamua mambo peke yangu. Tangu siku hiyo nilificha vidonge chini ya ulimi, kisha nikavitema chooni.

Baada ya wiki mbili uso ulivimba tena. Mama aliwaka. Daktari alikuwa amenikataza chumvi, na mpishi wa nyumba ni Shangazi.

"Dorca, si nilikuambia uache chumvi? Unataka kuniulia mtoto?"

"Mama Lorine, sijatia hata punje. Haki ya Mungu!"

"Basi kesho funga mizigo urudi Katito."

Shangazi alilia. Nami nilikaa kimya kama sijui kitu, na aibu ikinichoma. Zaidi ya hayo sikuelewa: ikiwa dawa ilikuwa mbaya, mbona kuiacha kulinifanya niugue?

Asubuhi yake tulienda mjini Kisumu kumwona Daktari Khaemba. Alipima mkojo wangu, akabonyeza mguu, kidole chake kikaacha shimo.

"Mama, dawa hizi zimeshindwa. Itabidi tumlaze, tutoe kipande kidogo cha figo kwa sindano tukichunguze. Halafu tumpe dawa kali zaidi, ingawa zina madhara mengi."

Mama alijishika kichwa. Niliogopa sana, nikajikuta nimesema, "Daktari, hazijashindwa. Nimekuwa nikizitema."

"Unazitema? Kwa nini?"

"Zinapunguza kinga. Na Shangazi humeza ARV ili kulinda yake!"

Nilitarajia kofi la Mama. Badala yake daktari alivuta kiti karibu nami.

"Kinga ya Shangazi yako inashambuliwa, ndiyo maana tunailinda. Yako imezidi ukali. Ukiwa na mbwa anayeuma wezi na wenye nyumba pia, utafanyaje?"

"Nitamfunga."

"Vizuri. Mwilini kuna seli za kutuliza kinga isishambulie viungo vyetu. Zako zimelegea, kwa hivyo dawa inazisaidia. Na kuiacha ghafla ni hatari."

"Kwa hivyo kuzuia si kubaya?" niliuliza, bado nimechanganyikiwa.

"Ni lazima. Hata seli zinapoongezeka, kuna vizuizi vya kuziambia kwamba sasa inatosha. Vikiharibika, seli huongezeka ovyo, na saratani inaweza kuanza."

Sikuelewa yote, lakini nilielewa ya kutosha. Daktari aliahirisha ile sindano, akanirudishia dawa zilezile.

Tulimkuta Shangazi mlangoni, mzigo wake tayari. Nilimweleza kila kitu huku nikilia.

"Dorca, nimekuonea bure. Nisamehe," Mama alisema, akauchukua mzigo na kuurudisha ndani.

Shangazi alinifuta machozi kwa leso yake.

"Lorine, kutoelewa si kosa. Kosa ni kuacha dawa kwa siri, kisha kuniacha nibebe lawama yako. Ukichanganyikiwa, uliza. Mimi kama ningeona haya kuuliza, leo usingekuwa na shangazi."